Je, Huruma Yaweza Kuamriwa?

Mwaka 1969 Rais wa Tanzania alitoa kitabu ambacho kwa juu hakikuwa cha siasa. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alikuwa ametafsiri tamthilia yake ya pili ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Wengi walioisoma shuleni wanaikumbuka kwa ile ratili ya nyama: Shylock mkopeshaji anadai akate nyama ya mwili wa mdhamini wa deni, kama mkataba unavyosema. Ila moyo wa kesi ile ni mabishano mafupi yanayotangulia kisu. Portia, aliyejivika joho la mwanasheria, anamwambia Shylock kwamba hana budi kuwa na huruma. Shylock anauliza analazimishwa na nini. Portia hamtajii kifungu chochote. Anakiri kwamba huruma hailazimishwi. Hushuka yenyewe, na thamani yake iko hapo.

Jibu hilo linapendeza jukwaani, lakini kanisani na msikitini linaleta taabu. Jumapili, katika makanisa ya Musoma na Bunda, mkoani Mara, mhubiri hasemi kwamba kumpenda jirani ni jambo zuri likitokea. Anasema ni amri. Ijumaa khatibu anakumbusha kwamba waumini ni kama mwili mmoja, kiungo kimoja kikiugua viungo vingine navyo hukesha kwa homa. Nalo hilo halitolewi kama ushauri. Binadamu anaweza kuamriwa afunge, atoe zaka, asiibe, na akatii. Je, anaweza kuamriwa ahisi? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hakuna hakimu aliyewahi kumhukumu mtu kwa kutosikia njaa ya mwenzake. Ikiwa hisia haziji kwa amri, basi dini zimeamuru lisilowezekana. Ikiwa zinakuja kwa amri, Portia alikosea, na Shylock alistahili kutajiwa kifungu.

Mabishano haya ni ya kale, ila katika miaka thelathini hivi iliyopita yamepata shahidi mpya, ambaye ni ubongo wenyewe.

Mwaka 2004 mjini London, Tania Singer na wenzake waliwalaza wanawake ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wapenzi wao wakiwa wameketi kando. Umeme mdogo wenye kuuma ulipigwa mara kwenye mkono wa mwanamke, mara kwenye mkono wa mwenzake. Mwanamke alipoumizwa yeye, sehemu kadhaa za ubongo wake ziliamka. Alipoonyeshwa kwa alama kwamba sasa anaumizwa mwenzake, baadhi ya sehemu zilezile ziliamka tena, hasa insula, iliyojificha ndani ya mkunjo wa upande wa ubongo, na eneo la mbele la singulati, lililo katikati. Sehemu zinazoeleza maumivu yako wapi hasa mwilini zilikaa kimya. Ubongo uliazima uchungu wa mwenzake, ukaliacha jeraha kwa mwenyewe. Wahenga waliosema adhabu ya kaburi aijuaye maiti walikuwa na haki, lakini ya nusu.

Tahadhari inahitajika hapa, maana uwanja huu umejaa wapiga debe. Mashine ile haipigi picha ya huruma. Inapima jinsi damu yenye oksijeni inavyokimbilia eneo fulani la ubongo, basi. Mapema miaka ya 1990, Giacomo Rizzolatti na wenzake huko Parma, Italia, waligundua kwa nyani chembe za neva zinazofanya kazi nyani anaposhika kitu, na pia anapomwona mwingine akishika. Zikaitwa chembe za kioo, na kwa muda kila jambo la binadamu, kuanzia lugha mpaka utakatifu, likaelezwa kwa hizo. Siku hizi wengi katika fani hiyo wamepunguza makeke. Kuona mkono unashika karanga si sawa na kujua kwa nini mama fulani analia.

Na kujua kwa nini analia si jambo la kutazama sura tu. Kwa miongo mingi vitabu vya saikolojia vilifundisha kwamba sura ya hofu au ya hasira husomeka vilevile duniani kote. Utafiti uliochapishwa 2020 na kundi la Maria Gendron na Lisa Feldman Barrett uliipeleka hoja hiyo kwa Wahadzabe, upande wa pili wa Serengeti ukitokea Bunda, karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe ambao hawakuwa wamechanganyika sana na watu wa nje hawakuzisoma picha za sura kama vitabu vilivyotabiri. Walichoweza zaidi ni kutenga sura ya mtu mwenye jambo zuri na ya mwenye jambo baya. Mengine yote mtu hufundishwa na watu wake: nani kafiwa, nani kaaibishwa, kicheko kipi ni cha kuficha. Kuelewa moyo wa mwingine kunahitaji habari zake, na habari hutafutwa.

Shahidi muhimu kuliko wote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni mwanamke mmoja wa Marekani anayejulikana katika vitabu vya tiba kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa adimu ulimharibia amigdala zote mbili, zile sehemu ndogo zilizo ndani ya ubongo, kila upande moja, zinazohusika sana na hofu. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake waliripoti kwamba anawatambua watu bila shida, anaitambua furaha, lakini hofu usoni mwa mtu inampita. Ikadhaniwa kwamba chombo cha kusomea hofu kimekufa, na habari imeishia hapo. Miaka kumi na moja baadaye, watafiti walewale waligundua jambo la ajabu. S.M. alikuwa hatazami macho. Macho yake yalizunguka huku na huku usoni mwa mtu bila kutua pale hofu inapoonekana zaidi. Walipomwambia, tazama macho, aliitambua hofu kama mtu mwingine yeyote. Walipoacha kumwambia, akarudi alikokuwa.

Hapa Portia na mhubiri wanaweza kukaa meza moja. S.M. hakuamriwa ahisi kitu, aliamriwa tu pa kutazama, na agizo hilo lilitiika. Ilibidi lirudiwe, jambo ambalo pengine linaeleza kwa nini Jumapili ziko hamsini na mbili kwa mwaka.

Maana tukijiachia, macho yetu yana kwao. Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti, aliliona hilo mwaka 1759. Alisema mtu wa Ulaya akisikia kwamba tetemeko limewameza Wachina kwa mamilioni atasikitika, atatoa hotuba nzuri, kisha atalala usingizi mnono. Lakini akijua kesho atakatwa kidole kidogo, hatafumba jicho. Maabara zimekuja kumthibitishia. Mwaka 2010 Grit Hein na wenzake, huko Zurich, waliwatumia mashabiki wa soka. Shabiki alipomwona mtu wa timu yake akiumizwa, insula yake iliamka, na kadiri ilivyoamka ndivyo alivyokuwa tayari kubeba sehemu ya maumivu yale kwa mkono wake mwenyewe. Alipoumizwa shabiki wa wapinzani, mambo yalipoa, na kwa baadhi yao ziliamka sehemu za ubongo zinazohusika na starehe. Hao ndio waliokataa kusaidia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kumbe ubongo una namna ya kuamua nani awe nguruwe.

Watu wa Bunda wanalijua hilo kwa njia nyingine. Vijiji kama Hunyari na Mariwanda viko pembezoni mwa mapori yanayoungana na Serengeti, na tembo hawasomi mipaka. Wakati wa mavuno, mkulima hulala shambani na tochi na debe la kupiga kelele. Picha ya mtoto wa tembo aliyefiwa na mama yake huzunguka dunia na kuwatoa watu machozi London na Chicago. Picha ya mkulima aliyeamka na kukuta ekari mbili za mahindi zimelala chini haizunguki. Si kwamba watu wa London wana roho mbaya. Kamera imewaonyesha macho ya mmoja, haikuwaonyesha ya mwingine. Serikali nayo, kwa kanuni za mwaka 2011, iliamua kutosubiri mtu aguswe moyo: iliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa, shilingi milioni 1 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Kiasi hicho kiliuma kwa udogo wake, na wakulima wamekuwa wakilalamikia ucheleweshaji. Hata hivyo ni jambo la kifalsafa: huruma imeandikwa kwenye gazeti la serikali, na ofisa anatakiwa ailipe hata kama siku hiyo hajisikii.

Nyerere aliyajua haya kabla ya mashine. Alizaliwa Aprili 1922 katika boma la Chifu Burito wa Wazanaki, mwanamume mwenye wake wanaotajwa kuwa 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa wa tano. Mtoto aliyekulia katika boma kama hilo aliwaona wanawake wakilima, wakichota maji, wakisaga, wakizaa na wakizika, kila siku ya Mungu. Aliwaona, kama kila mvulana wa Kizanaki alivyowaona. Kisha akaenda Mwisenge, Musoma, kuanza shule mwaka 1934, akaenda Tabora, akafika Makerere, na huko katikati ya miaka ya 1940 akasoma kitabu cha John Stuart Mill cha mwaka 1869 kuhusu kukandamizwa kwa wanawake. Kitabu cha Mwingereza wa karne nyingine kikamgeuza shingo atazame nyumbani. Akaandika insha ndefu, Uhuru wa Wanawake, akiichukua hoja ya Mill na kuipima kwa maisha ya wanawake wa kwao. Ilikuja kuchapishwa kama kijitabu baada ya kifo chake. Wanawake walewale wakaingia tena katika Azimio la Arusha la 1967, linaposema waziwazi kwamba wanawake vijijini wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, huku wanaume wengi wakiwa likizo nusu ya maisha yao. Wanaume wengi wa wakati ule, na wa sasa, wangeona sentensi hiyo ni utovu wa adabu.

Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, falsafa ya maadili ilikuwa sehemu ya shahada yake, na kiti cha uprofesa wa somo hilo kilikuwa cha John Macmurray. Katika kitabu chake cha 1935 kuhusu akili na hisia, Macmurray alidai kwamba hisia, kama mawazo, zinaweza kulingana na jambo lenyewe au kulikosa. Mtu anayeogopa mjusi amekosea kuhusu mjusi. Na kinachoweza kukosea kinaweza kufundishwa. Ni wazo la Kiskoti, lakini lingeeleweka vizuri katika baraza lolote la wazee Butiama.

Wazo la aina hiyo linaonekana katika ile hoja kubwa ya 1962. Katika kijitabu chake cha Ujamaa, Nyerere hakuwaomba Watanganyika wajenge hisia mpya kutoka hewani. Alichukua ile waliyokuwa nayo tayari, ya ndugu kwa ndugu, akasema ipanuliwe: ivuke ukoo, ivuke kabila, ivuke taifa na bara, mpaka ifike kwa binadamu wote. Kwa lugha ya maabara ya Zurich, alitaka kubadilisha jezi ili wote wawe timu moja. Haikuwa ndoto ya mchana. Kwamba Mjita, Mkurya, Mzanaki na Mluo wa mkoa wa Mara wanaoana, wanazikana na kupigiana kura ni kazi ya shule, lugha na jeshi, na ya mtu aliyerudia agizo lile kwa miaka zaidi ya ishirini.

Lakini Butiama inabeba pia upande wa pili wa hadithi, na haifai kuupitia kwa kunong'ona. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ikamilike kufikia mwisho wa 1976. Mwaka 1974 operesheni ikapita Mara. Watu waliokaa kwa kutawanyika, kila boma karibu na mashamba yake na makaburi ya wazee wake, walihamishiwa kwenye mistari ya nyumba. Sehemu nyingi za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Miaka mitano tu baada ya kumtafsiri Portia, serikali ya mtafsiri ililazimisha undugu kwa malori. Tatizo halikuwa upungufu wa huruma kwa wakulima kwa jumla. Hotuba za wakati ule zimejaa huruma hiyo. Tatizo ni kwamba ofisa mwenye tarehe ya mwisho hutazama idadi ya kaya zilizohamishwa, hamtazami ajuza anayeuliza makaburi atayaacha na nani.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo ni kwamba mtu anaweza kutazama kabisa, kwa upendo kabisa, na asione.

Ukeketaji ni kosa la jinai kwa msichana wa chini ya miaka 18 tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba Mara asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 8. Msimu huja Desemba, shule zinapofungwa. Kiabakari, wilayani Butiama, ipo nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, kama ile ya Mugumu wilayani Serengeti, ambako wasichana hukimbilia. Mkurugenzi wake, Rhobi Samwelly, amesimulia hadharani mara nyingi kwamba alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe kwa kutokwa damu.

Wasichana hao hawawakimbii wageni. Wanawakimbia mama, shangazi na bibi, watu wa insula zilezile zilizoamka kwa uchungu mtoto alipoungua kwa uji akiwa mdogo. Ni rahisi kusema wanawake hao wana mioyo ya mawe. Ni rahisi, na si kweli. Mwaka 2007 Yawei Cheng, Jean Decety na wenzao walionyesha picha za sindano zikichoma mikono na miguu kwa makundi mawili: watu wa kawaida, na madaktari wa tiba ya sindano ya Kichina. Ubongo wa watu wa kawaida uliitika maumivu. Ubongo wa madaktari haukuitika hivyo; ziliamka sehemu za kujidhibiti na za kufikiri. Wao waliona tiba. Daktari asiyekuwa na pazia hilo hawezi kushona kidonda cha mtoto. Ila pazia halijui tofauti kati ya tiba na isiyo tiba. Bibi aliyefundishwa kwamba kisu kile ni mlango wa heshima, na kwamba msichana asiyepita hapo hataolewa wala kuhesabika, naye anatazama kupitia pazia. Kumhubiria ampende mjukuu wake ni kumhubiria afanye anachoamini anakifanya tayari.

Immanuel Kant, mwaka 1785, alijaribu kuliondoa tatizo hili kwa kukata mzizi. Upendo ulio mvuto wa moyo hauwezi kuamriwa, alisema; kinachoamriwa ni upendo wa vitendo, kumtendea mtu wema kwa sababu ni wajibu, hata moyo ukiwa baridi. Surat al-Maun inakwenda karibu na hapo: inamlaumu anayemsukuma yatima na wanaonyima msaada mdogo, na haiulizi walikuwa wanajisikiaje. Lakini Kant aliacha jambo moja nje, nalo mfano wa Msamaria Mwema unalo. Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi, wakapita upande wa pili wa njia. Walihama upande, na mtu asiye na hisia hana haja ya kuhama. Msamaria alisogea pale alipokuwa majeruhi, akatazama, akaguswa. Kisha hadithi inataja mafuta, divai, mnyama wa kumbeba, nyumba ya wageni na dinari mbili. Kukaribia kulitangulia kuguswa. Na utafiti wa Olga Klimecki na Tania Singer, waliofanya kazi pamoja na mtawa wa Kibudha Matthieu Ricard, unaonyesha kwamba hatua inayofuata nayo hufundishika: watu waliozoezwa kuumia na wenye kuumia tu walichoka na kuvunjika moyo, ila waliozoezwa kuwatakia mema na kuwaendea walipata nguvu, na ubongo wao ulibadilika kulingana na mazoezi hayo.

Kwa hiyo amri inawezekana, ikielekezwa panapotiika. Mfano mmoja uko Mara hiihii. Vijiji vingi vya mkoa havikuwa kwenye ramani iliyotimia, na polisi aliyepigiwa simu usiku akamwokoe msichana alishindwa kujua aende wapi. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, wengi wao wakiwa nchi za mbali, wamekuwa wakikaa na picha za setelaiti na kuchora barabara, nyumba na vijito, na wenyeji wakajaza majina. Hawamwoni msichana yeyote usoni, wala insula zao hazina cha kuamkia isipokuwa paa la bati linalong'aa. Wameambiwa watazame pale, na wanatazama.

Wahubiri na makhatibu wa Musoma, Bunda na Butiama wana kazi hiyohiyo kila Novemba, kabla shule hazijafungwa, na wanaweza kuifanya bila kumwamuru mtu yeyote ahisi chochote. Wamtaje msichana wa darasa la sita aliye jirani. Wawaambie wazazi wamuulize anaogopa nini, kisha wanyamaze wamsikilize. Na watangaze madhabahuni na mimbarini namba ya simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni 116, na kuipiga ni bure.